Tuliposhuka na ngoma mpaka ziwani



Wengi mliuliza kwa nini ngoma ya kikundi haikuonekana kwenye mkutano wa Jumatano. Ilikuwa safarini. Ilipanda nasi mpaka Bukavu, imefungwa kitenge, juu ya gunia la mchele tuliowapelekea wenyeji wetu. Imerudi na ngozi iliyolegea kwa ubaridi wa kule, na bado naikausha kando ya jiko langu. Nimeombwa niandike tulichoona. Nitaandika yote, hata lile moja ambalo afadhali ningelinyamazia.

Tulialikwa na wamama wa kartiye moja ya Bukavu iliyo kando ya ziwa Kivu. Barua yao ilikuwa fupi. Walisema Jumamosi ya salongo watashuka kutoka Kadutu mpaka ziwani wakiokota takataka, na wanataka kila kikundi kije na nyimbo na michezo ya kwao, kwa lugha ya kwao. Pesa ya kutulipa hawana. Chakula na mahali pa kulala vipo. Sisi wa Uvira tulikuwa 12: Bavira, Bafuliru, Babembe, Banyamulenge wawili, na Mrundi mmoja aliyeolewa Kavimvira. Mnajua wenyewe kwamba hiyo si orodha ya kawaida kwa gari moja. Kwenye kizuizi kimoja njiani askari kijana alitutazama, akaitazama ngoma, akauliza tunaenda kwenye matanga ya nani. Mwenzetu mmoja akamjibu, "Ya mifuko ya plastiki, mwanangu." Akatupitisha bila kuomba kitu. Jambo hilo nalo liandikwe.

Njia mnaijua: Sange, Luvungi, Kamanyola, bonde lote joto na vumbi, mpunga upande huu na muhogo upande ule. Baada ya Kamanyola wenye haraka na wenye karatasi hupitia Rwanda, kwa Bugarama. Sisi tulipanda Ngomo. Sitaeleza sana kuhusu Ngomo. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, chini kuna shimo, na gari ya mizigo ikitokea mbele yenu mmoja lazima arudi nyuma. Mazungumzo yote yalikatika. Mama mmoja Mbembe akaanza wimbo wa kanisani, na kwa kuwa wimbo huo tunao wote, kila mmoja akaushika kwa lugha yake. Hakuna aliyepanga. Nadhani mazoezi yetu yalianzia pale, kwa woga.

Nilipokuwa ninatazama chini niliuona mto Ruzizi. Unatoka ziwa Kivu, ambalo liko mita karibu 1,460 juu, na unaingia ziwa letu Tanganyika, lililo chini yake kwa karibu mita 700. Kivu halina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa huo wa Bukavu. Maji ya Goma, ya Kalehe, ya Idjwi, na yale ya upande wa Rwanda, yote yakitaka kutoka yanapita pale, halafu yanatushukia sisi. Nimeishi Uvira miaka yangu yote nikiuona mto huu unafika. Sikuwahi kujiuliza umetoka kwa nani.

Bukavu ni mji mzuri. Waliotuambia hivyo hawakudanganya. Kuna rasi tano zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono, na maji ni ya kijani asubuhi na ya samawati mchana. Lakini mgeni akiacha kutazama ziwa akageuka nyuma, anaona vilima vimejaa nyumba mpaka juu, moja imeegemea paa la nyingine, na kati yake mifereji ya mmomonyoko iliyochimbwa na mvua. Kadutu iko juu. Chini kuna ziwa. Na kati yao kuna mitaro na vijito, mkubwa ukiwa Kawa, na kila kinachotupwa juu kinafika chini. Nyumba nyingi za juu haziwezi kufikiwa na gari lolote, sembuse gari la takataka. Kwa hiyo watu wanaweka takataka zao mlangoni ndani ya mfuko, na wanangoja mvua. Mvua ikianza kunyesha kwa nguvu, milango inafunguka, na mifuko inakwenda.

Ijumaa mchana tulifanya mazoezi katika uwanja wa parokia. Vikundi vilikuwa vinane au tisa: Bashi wa Kadutu na wa Bagira, Bahavu waliokuja kwa mtumbwi kutoka Idjwi, Barega waliohamia mjini tangu vita vya zamani, Batwa wachache kutoka upande wa Kabare, na sisi. Wenyeji wetu wa kando ya ziwa ndio walioanza. Wimbo wao ulikuwa mtamu, wenye mwendo wa mabega, na sisi tuliousikia bila kuelewa Kimashi tulikuwa tayari tunapiga makofi. Kumbe maneno yake yalikuwa yanasema: nyinyi wa juu mnakula ndizi, maganda mnatutupia sisi, nyinyi wa juu mnazaa, na nepi za watoto wenu zinaelea kwetu.

Wamama wa Kadutu walielewa, bila shaka. Makofi yalikatika upande wao kwanza. Kisha mmoja akasimama, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akasema hakushuka vilima vyote vile kuja kutukanwa kwa ngoma. "Mnatuambia tusitupe. Sawa. Tutupe wapi? Mnionyeshe mahali, hata leo usiku nitapeleka." Hakuna aliyemwonyesha, kwa sababu mahali hapo hapapo. Mwenyeji mmoja akajibu vibaya. Mwingine akakumbusha mambo ya mashamba na ya nani alikuja Bukavu lini. Mnajua mazungumzo ya namna hiyo yanakoelekea katika nchi yetu. Banyamulenge wetu wawili walikuwa wamenyamaza kabisa, mikono mapajani.

Nilifikiri tutafunga ngoma yetu turudi nyumbani. Nimehudhuria semina nyingi za mazingira. Tunapewa kalamu na soda ya chupa ya plastiki, mtaalamu anatueleza mabaya tunayofanya, tunaitikia, na jioni chupa zinabaki chini ya viti. Nikajiambia hii ni semina nyingine, imevaa kitenge tu.

Aliyetuokoa ni mama mzee mmoja ambaye tangu mwanzo alikataa kucheza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni na fimbo yake, na tulidhani ni miguu. Akasema si miguu. Akasema alipokuwa msichana, wakati wa Mobutu, alichezeshwa. Walikuwa wakitolewa shuleni na makazini kwenda kufanya "animasyo", wamevaa vitenge vyenye sura ya Rais, wakiimba sifa za chama juani mpaka mgeni wa heshima afike, na mgeni akichelewa saa tano wanacheza saa tano. Salongo nayo ilikuwa hivyohivyo, amri, na asiyetokea alitozwa faini. "Nikaapa sitacheza tena wimbo ambao mtu mwingine amenitungia kinywa," akasema. "Na huu wenu ni uleule. Mmewatungia wa Kadutu kinywa."

Kimya. Kisha akasema kwao zamani, binti alipokuwa anaaga kwenda kuolewa, kila mwanamke aliingia kati kwa zamu yake na kusema lake mwenyewe, la mwenzake hapana. Wengine wote kazi yao ilikuwa kuitikia. "Aingiaye aanze na 'mimi'. Akianza na 'nyinyi', ngoma inyamaze."

Hivyo tu. Hakuna aliyepiga kura. Mpigaji wa Bahavu akapiga mapigo matatu, akangoja. Tulihitaji kiitikio ambacho wote tunakielewa, na Kiswahili ndicho kilichokuwa karibu. Mama mmoja wa Bagira akatoa maneno mawili: maji yanashuka. Tukayashika hayo.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule mwenye sauti ya sokoni. Akaimba kwa Kimashi, na jirani yangu akanitafsiria sikioni: mimi nina watoto saba na vyumba viwili, taka yangu inangoja mvua pamoja nami. Maji yanashuka. Akafuata muuza sambaza wa kando ya ziwa, mmoja wa walioimba ule wimbo wa kwanza: mimi kila mnunuzi nampa mfuko mweusi, hata anayenunua samaki wa kujaza kiganja tu, kwa sababu nisipompa anakwenda kwa jirani. Maji yanashuka. Mrega mmoja aliimba kirefu kwa Kirega, wenzake wakaanguka kwa kicheko, na tulipouliza tukaambiwa ni habari ya mume wake na chupa, wala si za plastiki. Batwa waliingia watatu kwa pamoja, sauti moja juu ya nyingine kama ndege wanaoitana, bila maneno mengi. Waliishi msituni Kahuzi kabla ya mwaka 1970, pale palipofanywa mbuga ya wanyama wakatolewa. Mmoja wao akasema kwa Kiswahili alipomaliza kwamba yeye sasa anauza makala, na makala yenyewe anajua yanatoka wapi. Hapo kiitikio kilitoka kwa sauti ya chini.

Mimi sikuingia siku ile.

Jumamosi saa moja asubuhi tulianzia Kadutu. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya salongo, watu wamesimama milangoni na majembe na mafagio, wengi wao wakifanya kama wanavyofanya siku zote, yaani kuegemea fagio mpaka saa nne. Sisi tuliteremka kwa mstari kando ya mtaro, magunia mabegani. Na hapa niwaeleze jinsi mchezo unavyosaidia kazi, kwa maana sikuamini mpaka nilipofanya. Bashi wana hatua ya kukanyaga na kutikisa mabega. Mpigaji akaongeza ndani yake pigo moja la kuinama. Hatua tatu, unainama, unaokota, unatupa ndani ya gunia la aliye mbele yako. Mgongo haukuumi kama unapookota peke yako, kwa sababu pigo linakuinua. Banyamulenge wetu, ambao kwao mwanamke hucheza ameinua mikono kama pembe za ng'ombe, walipewa kazi ya kubeba magunia yaliyojaa kichwani, mikono juu, na walishuka Kadutu nzima wakiwa wima namna hiyo. Wasichana wa pale walianza kuwaiga. Kuna kijana alipaza neno baya kuhusu sura zao. Yule mama wa sokoni alimgeukia, akamwekea gunia mikononi, akamwambia, "Wewe ndiye wa mwisho kwenye mstari." Na akaja mpaka chini.

Kwenye kila daraja tulisimama. Duara, ngoma, mmoja anaingia na "mimi" yake. Watu wa nyumba za karibu walitoka kutazama, na katika daraja la tatu mwanamke ambaye hatukumjua kabisa alishuka kwenye ngazi zake akiwa na mtoto mgongoni, akaingia kati akaimba: mimi leo asubuhi, mlipokuwa mnakuja, nimetupa. Maji yanashuka. Kisha akarudi ndani akatoka na mfuko wake wa pili, huo akatuletea mkononi.

Magunia nilihesabu mpaka 30 nikaacha. Sehemu kubwa ilikuwa maganda ya ndizi na majani ya muhogo, vitu ambavyo shambani ni mbolea. Kilichobaki kilikuwa mifuko na chupa. Kwa sheria mifuko hiyo haipaswi kuwepo. Kuna dekreti ya Desemba 2017 inayokataza kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuiuza. Dakika chache kutoka pale, ng'ambo ya daraja la Ruzizi, Rwanda imeikataza tangu 2008, na wamama wetu wanaovuka kila siku na vikapu wanaijua sheria hiyo vizuri kwa sababu wananyang'anywa mpakani. Mwanamke yuleyule anavuka kwenda na kikapu, anarudi, na upande huu anafungiwa nyanya ndani ya mfuko mweusi.

Katika daraja la mwisho kabla ya ziwa niliingia. Sikuwa nimepanga. Niliimba kwa Kiswahili, kwa hiyo sikupata pa kujificha. Nilisema: mimi, Aprili 2020, usiku wa mvua, nilifungua mlango wa nyuma nikamwaga taka ya juma zima ndani ya Mulongwe.

Wasomaji wa Uvira hawahitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 ya mwezi ule. Mulongwe iliacha njia yake, makumi ya watu walikufa na maelfu walibaki bila nyumba. Mimi nilikuwa nimemwaga siku chache kabla. Sisemi kwamba mfuko wangu ndio ulioleta mafuriko. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, vilima juu yetu vimekatwa miti, na tumejenga ndani kabisa ya njia ya mto. Najua yote hayo, nimeyarudia kichwani mara nyingi. Lakini asubuhi yake niliona taka zilivyojisokota kwenye kuta na kwenye miti iliyolala, na nilitambua kitambaa cha jikoni kwangu. Sikumwambia mtu, hata baba watoto wangu. Nikawaimbia wanawake ambao nusu yao sijui majina yao. Waliitikia kama walivyowaitikia wengine, maji yanashuka, wala hawakupaza sauti zaidi kwangu wala hawakuipunguza. Mwenzangu wa Kavimvira, ambaye mwaka 2024 ziwa lilipopanda lilimwingilia mpaka chumbani, alinishika kiuno tukatoka duarani pamoja.

Jumapili baada ya misa wenyeji walitupeleka kuona bwawa la Ruzizi ya kwanza, ambalo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, si mbali na pale mto unapotoka ziwani. Tulitazama kutoka barabarani. Mbele ya ukuta maji hayakuonekana. Kulikuwa na zulia la chupa, viatu, vipande vya magodoro na mikebe, nene kiasi kwamba ndege walikuwa wanatembea juu yake. Wanaume ndani ya mtumbwi walikuwa wanavuta kwa nyavu na kwa mikono. Taka zikiingia kwenye mashine zinazosukumwa na maji, mashine zinasimama, na taa zinazimika. Wifi yangu, anayekaa Bukavu, alikuwa akilalamika kila jioni kwa giza. Nilimwona anatazama zulia lile kwa muda mrefu. Akasema tu, "Kumbe giza langu nalijua."

Sasa niseme na upungufu, nisije nikawapamba. Magunia tuliyoyajaza yalikaa kando ya ziwa mpaka Jumatatu kwa sababu hapakuwa na gari la kuyachukua, na mbuzi walikuwa wameanza kuyafungua. Ngoma haibebi takataka. Swali la mama wa Kadutu, tutupe wapi, bado liko pale pale aliposimama. Lakini Jumapili jioni wamama wa juu na wa chini walikaa kwa mara ya kwanza kwenye mkeka mmoja, na nilisikia wakihesabu: wakichanga kutoka kwenye likelemba zao mbili wanaweza kukodi mkokoteni mara mbili kwa juma, maganda yaende kwa wenye mashamba ya Bagira, na chupa ziende kwa wasichana wa mjini wanaosuka vikapu na viti kwa plastiki ya ziwani. Walibishana sana juu ya nani atashika pesa. Tulipoondoka walikuwa bado wanabishana.

Tulirudi kwa Ngomo ileile. Safari hii tuliimba tangu mwanzo.

Nimeongea na washauri wa kikundi, na tumekubaliana hivi. Jumamosi ya salongo ijayo, saa moja asubuhi, tukutane kwenye daraja la Kalimabenge. Tutashuka mpaka ziwani. Kila mama aje na gunia moja tupu, na aje na mama jirani ambaye si wa kabila lake. Wenye mtoto mgongoni watacheza nyuma, kwenye kivuli. Mashamba ya kupokea maganda yamepatikana mawili upande wa Kavimvira. Anayejua jingine aniambie. Chupa bado hatujui tuzipeleke wapi, na huo ndio mjadala wa Jumatano. Ngoma nitakuwa nayo, ikiwa imekauka.